Somo: Kuomba viza ya utalii ya Urusi ukiishi Ujerumani kwa pasi ya Afrika Mashariki

Ndugu wanachama, somo hili ni kwa wenzetu wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani wanaoishi Ujerumani na wanaotaka kuitembelea Moscow, Saint Petersburg au Kazan. Maelezo mengi yanayopatikana huku yameandikwa kwa ajili ya Mjerumani, na mtu wetu akiyafuata kama yalivyo hukwama njiani, kwa sababu yeye si raia wa nchi anayoiombea viza wala wa nchi anamoombea.

Hatua ya kwanza ni kujua kama unahitaji kwenda ubalozini hata kidogo. Tangu tarehe 1 Agosti 2023 Urusi inatoa viza ya mtandaoni, iliyoanza kwa raia wa nchi 55, na nyingine zimeongezwa baadaye, Kenya ikiwamo. Kinachoangaliwa ni pasi yako, si mahali unapoishi: Mtanzania wa Berlin hapati haki hiyo kwa kuwa jirani yake Mjerumani anayo. Soma orodha kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Urusi siku unayoomba. Nilipoomba mimi, Tanzania haikuwamo, kwa hiyo nilifuata njia ninayoieleza hapa.

Hatua ya pili ni kibali cha ukaazi. Utaombwa ukionyeshe ili kuthibitisha kwamba unaishi Ujerumani kihalali, nacho kiwe na muda wa kutosha kuvuka tarehe yako ya kurudi. Aliyeko Ulaya kwa matembezi mafupi asitegemee kupokelewa. Huyo ni bora aombe nyumbani, kwani Urusi ina ubalozi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Pasi yenyewe iwe hai kwa angalau miezi 6 baada ya viza kuisha, na iwe na kurasa 2 tupu.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa ombi zima, ni mwaliko wa utalii. Hii ni karatasi inayotolewa na kampuni ya utalii ya Urusi iliyosajiliwa katika rejista ya serikali, au na hoteli yenye idhini hiyo, ikionyesha majina yako, namba ya pasi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, miji utakayofika, hoteli, na namba ya kampuni katika rejista. Risiti ya kukodi chumba kutoka tovuti ya kawaida ya hoteli haichukui nafasi yake, hata kama umeshalipa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipoumia. Pasi yangu ina majina matatu, na kampuni niliyoitumia iliandika mawili, ikaliacha jina la babu. Sikuliona kosa hilo. Mama aliyekuwa dirishani kwenye ofisi ya kupokea maombi ya viza aliiweka pasi wazi pembeni ya mwaliko, akapitisha ncha ya penseli chini ya kila herufi katika mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, akafika jina la tatu, akasimama, kisha akanirudishia bahasha yote. Nililipa mwaliko upya na kupoteza nauli ya siku hiyo. Kwa hiyo mwaliko ukifika, kaa mezani na pasi yako na uusome herufi kwa herufi kabla ya kugusa fomu.

Hatua ya nne ni fomu, inayojazwa kwenye tovuti ya visa.kdmid.ru. Chagua Ujerumani kama nchi unamoombea, hifadhi namba ya fomu na neno la siri, na uandike tarehe zilezile zilizo kwenye mwaliko. Chapisha, tia sahihi kwa mkono wako, ambatisha picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5. Andaa pia bima ya matibabu, na hakikisha neno Urusi limetajwa ndani yake, kwa kuwa bima nyingi za Ulaya zimeiondoa nchi hiyo tangu vita vilipoanza mwaka 2022.

Hatua ya tano ni kupeleka maombi. Mwaka 2023 Ujerumani iliamuru balozi ndogo nne kati ya tano za Urusi zifungwe, hivyo huenda ukasafiri mbali kuliko maelezo ya zamani yanavyosema. Ada hutegemea uraia na haraka yako, na viza ikikataliwa hairudishwi. Siku ya kuichukua, isome papo hapo kabla ya kuondoka dirishani.

Ukifika mpakani utapewa kadi ya uhamiaji. Itunze ndani ya pasi hadi siku ya kutoka. Kadi za benki za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, kwa hiyo beba fedha taslimu za kukutosha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kibali changu kimeisha na nimepewa karatasi ya muda nikisubiri kipya. Je, niombe?
Jibu: Ndugu yangu, subiri. Karatasi hizo si za aina moja, na ipo isiyokuruhusu kurudi Ujerumani ukishatoka. Iulize kwanza ofisi ya wageni ya mji wako, upate jibu kwa maandishi.

Swali: Naweza kutoka Moscow kwenda Istanbul siku mbili kisha nikarudi Moscow?
Jibu: Ikiwa viza yako ni ya kuingia mara moja, huwezi, kwani inakwisha kazi pale unapotoka. Omba ya kuingia mara mbili tangu kwenye mwaliko.

Swali: Nitalala kwa mdogo wangu anayesoma Kazan. Nani atanisajili kwa mamlaka ya uhamiaji nikifika?
Jibu: Hoteli humsajili mgeni wake yenyewe. Kwa nyumba ya mtu, mwenyeji ndiye anayetakiwa kukuandikisha ndani ya siku 7 za kazi, naye mwanafunzi anayeishi bwenini hana mamlaka hayo. Lala hotelini, mtembelee mchana.

Swali: Kaka, kuna wakala ananiambia niingie kwa viza ya utalii, kazi nitaipata hukohuko na tiketi analipa yeye.
Jibu: Dada, tafadhali usiende. Viza ya utalii hairuhusu kazi, na mwaka 2025 serikali ya Kenya ilikiri hadharani kwamba wapo raia wake walioahidiwa ajira Urusi wakaishia kwenye uwanja wa vita nchini Ukraine. Usimpe pasi yako, usitie sahihi karatasi ya Kirusi usiyoweza kuisoma, na kama ameshaichukua pasi, toa taarifa polisi na kwenye ubalozi wa nchi yako ulioko Berlin leo hii.