Jinsi ya kuzipa majina swichi, ruta na seva za mtandao usije ukajichanganya mwenyewe

Ruta ya MikroTik ukiitoa kwenye boksi inajiita MikroTik, swichi ya Cisco inajiita Switch, na wengi tunaziacha hivyo hivyo kwa sababu zipo mbili tu. Subiri zifike nane ndo utajua hujui, unaangalia orodha ya majirani, yaani vifaa vilivyounganishwa na hicho ulichopo, unaona Switch, Switch, Switch, ipi ya juu ipi ya chini hata wewe uliyezifunga hukumbuki.

Ofisi moja niliyopita seva mbili zilikuwa zinaitwa simba na yanga. Raha tupu, mpaka asubuhi moja nikapaza sauti kwamba yanga imeanguka, weee, nusu ya ofisi wakanijia juu. Utani pembeni, fundi mgeni hapo atajuaje ipi ya mafaili na ipi ya barua pepe? Pale pale kulikuwa na swichi-mpya, ina miaka sita.

Mimi siku hizi naweka vile tu ambavyo mtu ataulizia akiamshwa saa nane usiku: mji, ghorofa, aina ya kifaa, namba. Mfano dar-gh2-swi-03. Miji natumia vifupisho vya viwanja vya ndege, dar, mwz, dod, znz, maana mkianza kubuni mmoja ataandika mwa mwingine mza na wote mtakuwa sahihi. Namba anza na sifuri, 01, 02, la sivyo kwenye orodha swi-10 itakaa kabla ya swi-2.

Jina la mtu usiweke kabisa, mama wa masjala atastaafu na swichi itabaki inaitwa yeye. Brandi nayo hapana, wala IP (namba ya anwani ya kifaa kwenye mtandao), vyote hivyo vinabadilika.

Herufi tumia a mpaka z, namba na dashi basi, na dashi isikae mwanzo wala mwisho. Andaskoo ( _ ) iache, DNS, ule mfumo unaogeuza majina kuwa IP, ina kanuni zake kwenye majina ya mashine na itakuja kukusumbua. Kubwa na ndogo DNS haitofautishi kwa hiyo andika ndogo zote yaishe. DNS inakubali mpaka herufi 63 kati ya nukta na nukta ila Windows kwa mambo yake ya zamani inaishia 15, ndo maana huo mfano wangu una 14, nilihesabu.

Seva zina kitu cha ziada. Ipe jina la kawaida, dar-srv-02, halafu kwenye DNS tengeneza jina la pili, mfano mafaili, hilo ndo uwape watu. Siku seva ikifa unahamishia mafaili kwenye dar-srv-05, jina la pili unalielekeza huko, na mhasibu hajui kama kuna kitu kimetokea.

Kuweka jina lenyewe ni dakika moja, Cisco andika hostname dar-gh2-swi-03 ukiwa kwenye konfigi (sehemu ya kuweka mipangilio) alafu usisahau kusevu, MikroTik ni /system identity set name= unamalizia na jina. Kisha bandika stika, mbele ya kifaa sio juu, juu hakuna atakayeiona ikishaingia kwenye raki.