Jinsi ya kusimuleti mfumo wa kwanta na laptopu yako hapo hosteli

Wenzangu wa fizikia Makerere, Mbarara, Gulu, wengi mnadhani simulesheni ya kwanta (kuigiza kwa kompyuta tabia ya chembe ndogo sana) ni ya wenye mashine kubwa Marekani tu. Hapana jamani. Mwaka 2023 IBM walitoa matokeo ya chipu yao ya kwanta iitwayo Eagle, yenye kubiti (biti za kwanta) 127, hesabu ambayo ilionekana imezidi kompyuta za kawaida, haikuchukua muda watafiti wa Flatiron Institute kule New York wakaifanya kwa mitandao ya tensa (njia ya kubana hali kubwa ya kwanta iwe namba chache) kwenye kompyuta za kawaida kabisa. Kwa hiyo nafasi ipo, anza leo.

Anza na mnyororo wa Ising. Spini (kama visumaku vidogo) zimepangwa mstari, kila moja inataka kufanana na jirani yake (nguvu hiyo tunaiita J), alafu kuna uga wa sumaku unaokuja kwa ubavu, h, unazivuruga. Weka Python, NumPy na SciPy, zipakue mara moja kwenye wifi ya chuo usimalize bando. Tengeneza matriksi X na Z (za Pauli) za 2 kwa 2, ziunganishe kwa kron (zidisho la Kronecker, lipo NumPy) mpaka upate Hamiltoniani nzima, yaani matriksi ya nishati ya mfumo, kisha tafuta nishati ya chini kabisa.

Sasa hapa usiwe na haraka, manake code yako inaweza kukubali ku-run na bado ikakupa uongo. Weka J=1 na h=1. Spini 2 lazima zikupe nishati ya chini -2.236, yaani hasi ya kipeo cha pili cha 5, hiyo hata kwa kalamu unaitoa. Spini 10 zenye ncha wazi zitoe -12.38. Ukiona -12.78 ujue umeunganisha spini ya mwisho na ya kwanza, umetengeneza duara.

Kila spini unayoongeza inazidisha idadi ya hali za mfumo mara mbili. Matriksi nzima ya spini 14 inakula kama GB 2, laptopu nyingi zitaanza kulia, so hamia scipy.sparse (inahifadhi namba zisizo sifuri tu) mapema, tumia eigsh, ya kutafuta nishati chache, na uandike which='SA', ukisahau hiyo itakutafutia namba yenye ukubwa zaidi badala ya ile ya chini. Ukifika spini 30 vekta moja ya hali peke yake ni kama GB 8.6, na eigsh inahitaji kadhaa, hapo basi.

Alafu badilisha h kutoka 0.2 hadi 2, uangalie spini za mbali zinavyoacha kufuatana ukikaribia h=J. Hayo ndo mabadiliko ya awamu ya kwanta, na mimi naona ndo sehemu tamu kuliko zote! Kila h ikiisha save kwa np.save, umeme ukikatika usianze upya.

Ukishaizoea nenda TeNPy (maktaba ya Python ya mitandao ya tensa) ujifunze DMRG, njia ya kutafuta nishati ya chini ya minyororo mirefu aliyoileta Steven White 1992, mnyororo wa spini 100 unaingia kwenye laptopu ileile.