Umeme ukikatika na mvua inanyesha: kupika nje kwa kuni, hatua kwa hatua

Nimetoka kumwelekeza jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, ambaye tangu ahamie mjini anapika kila kitu kwa jiko la umeme. Haya ndiyo niliyomwachia, na yeyote anayeishi huku kwenye mvua ya Novemba hadi Aprili yatamfaa.

1. Kuni

Nunua kiangazi, upange upenuni juu ya matofali. Mti wa mwati (black wattle) ndio ninaoupenda kuliko yote: joto kali, moshi kidogo, makaa yanadumu. Mlingoti (mkaratusi) unafuata, ila upasue ukiwa bado mbichi, maana ukikauka shoka linadunda. Msindano (paini) usiutegemee kupikia, unaisha upesi na kujaza masizi. Vipande vyake vyenye utomvu weka akiba ya kuwashia.

2. Mafiga

Mawe matatu, uyachimbie kidogo ardhini, la sivyo ukisonga ugali sufuria itateleza. Mawe ya mtoni acha: maji yaliyomo ndani yakipata moto jiwe linaweza kupasuka. Juu ezeka bati la kuzuia mvua, lakini pande ziache wazi.

3. Kukoka moto kuni zikiwa zimelowa

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo twende taratibu. Kuni kavu iliyonyeshewa kwa kawaida imelowa nje tu. Bandua ganda, pasua katikati, na humo ndani utakuta pakavu. Chonga vibanzi vya unene wa njiti ya kiberiti, kisha vijiti vya unene wa kidole, halafu ndipo kuni zenyewe. Vyote vitatu viwe karibu yako kabla hujawasha. Moto mwingi hufa mtu akiwa amekwenda kutafuta vijiti.

Ardhi ikiwa na tope, tandika kwanza vipande viwili vya kuni au tofali, maana bila hivyo joto lote litaishia kukausha tope. Weka vibanzi vya msindano, juu yake magunzi makavu, ukiacha nafasi hewa ipite. Washia upande upepo unakotokea. Usipulize mapema! Subiri vijiti vishike, ndipo upulize chini, polepole na kwa pumzi ndefu.

Ukiona moshi mweupe mzito, kuni bado zina maji. Usiongeze nyingine, punguza. Zile zilizolowa ziegeshe kando ya mafiga zikauke, ukizigeuza mara kwa mara.

Mafuta ya taa mimi sitaki kuyaona hapa. Chakula kinanuka, na ukiyamwagia makaa yaliyo hai mwali unaruka hadi mkononi. Petroli isisogee kabisa. Mifuko ya plastiki nayo acha, moshi wake ni sumu. Kiberiti kiweke kwenye chupa yenye kifuniko.

4. Maharage

Ugali na mboga unajua. Maharage ndiyo yanamaliza kuni, kwa sababu Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam, kwa hiyo yanachelewa kuiva. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo. Paka sabuni nje ya sufuria ili masizi yatoke kirahisi. Yachemke kwa nguvu dakika 30, kisha ufunike na kuiweka sufuria ndani ya kapu lililojaa blanketi kuukuu, juu ukandamize kwa mto. Yaache kwa muda wa saa 4 au 5 yajipike, kisha yarudishe motoni yachemke tena ndipo uunge.

5. Baada ya kupika

Baridi ya Juni na Julai inashawishi kuingiza jiko la mkaa au makaa yaliyobaki chumbani. Tafadhali usifanye hivyo, hata mlango ukiwa wazi kidogo, hata makaa yakiwa hayatoi moshi. Hewa ya sumu inayotoka humo haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje mara moja na umwahishe hospitali. Makaa yamwagie maji, uyakoroge kwa kijiti, uyamwagie tena hadi yaache kutoa mvuke.