Kuchagua bamba na bawa la kuzamia kwa maji ya pwani yetu

Kabla ya kununua bamba na bawa, pima kwanza uzito unaouhitaji ili uzame na kutulia majini, kwa sababu kila uamuzi unaofuata, kuanzia madini ya bamba hadi ukubwa wa bawa, unatokana na hesabu hiyo. Nimewaongoza wageni na vijana wetu katika miamba ya Mafia na Pemba kwa muda wa kutosha kuona kwamba wanaojuta baada ya kununua ni wale walioanza na picha ya kifaa kinachopendeza, wakaja kuhangaika na uzito wakiwa tayari wamo majini.

Kifaa chenyewe kina sehemu tatu. Kuna bamba gumu linalokaa mgongoni, kuna mkanda mmoja mrefu wenye upana wa sentimita 5 unaopitishwa kwenye matundu ya bamba na kumzunguka mzamiaji mabegani na kiunoni, na kuna bawa, yaani mfuko wa hewa unaobanwa kati ya bamba na mtungi. Mpangilio huu ulianzia kwa wazamiaji wa mapango ya kaskazini mwa Florida, na bamba la mwaka 1979 linahusishwa na Greg Flanagan. Wao walikuwa wakibeba mitungi miwili kwa pamoja, ndiyo maana hadi leo bamba huwa na matundu mawili ya bolti yaliyoachana kwa sentimita 28 hivi. Anayezamia kwa mtungi mmoja, kama wengi wetu, hutumia mikanda miwili ya kufungia mtungi ambayo hupenya kwenye bawa na bamba, na baadhi ya mabawa huhitaji pia kiungo cha kati cha kuuzuia mtungi usiyumbe. Uliza kuhusu kiungo hicho kabla ya kulipa.

Tuje kwenye uzito, ambako ndiko penye kazi. Bamba la chuma cha pua lenye unene wa milimita 3 huwa na takriban kilo 2.7 nchi kavu, na likiingia majini hubaki na uzito wa kilo 2.3 hivi. Bamba la alumini lina karibu kilo moja nchi kavu, na majini linabaki na nusu kilo au zaidi kidogo. Vituo vingi vya kuzamia vya pwani yetu hutoa mtungi wa alumini wa lita 11, na mtungi huo una tabia ambayo ni lazima uijue: ukiwa umejaa unazama kidogo, lakini hewa yake, yenye uzito wa kilo mbili na nusu hivi, ikishatumika, mtungi unaanza kuelea kwa nguvu ya karibu kilo 2. Kwa hiyo mzamiaji aliyekuwa sawa mwanzoni anaweza kujikuta anavutwa juu akiwa kwenye mapumziko ya usalama, yale ya dakika chache kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini, yaani pale pale anapotakiwa kutulia. Bamba la chuma linafidia upungufu huo, tena kwa uzito uliotandazwa mgongoni badala ya risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kumzamisha mzamiaji, inayokaba kiuno, na ndilo ninalompendekezea anayezamia na mtungi wa alumini na suti ya milimita 3 au 5.

Hata hivyo, usichanganye bamba la chuma na mtungi wa chuma ukiwa umevaa suti nyembamba. Ukifanya hivyo huenda usihitaji risasi yoyote, jambo linaloonekana kuwa faida mpaka siku bawa litakapopasuka ukiwa kwenye ukuta wa mwamba wa Pemba, sakafu ikiwa mbali mno chini yako, nawe huna kitu cha kuangusha. Bakiza kilo moja au mbili za risasi zinazoweza kutupwa kwa mkono mmoja. Anayesafiri kwa ndege ndogo, ambazo hubana sana mizigo, anaweza kuchagua alumini na kuomba risasi za ziada kituoni.

Ukubwa wa bawa hupatikana kwa hesabu hiyo hiyo. Chini ya maji bawa linatakiwa kufidia uzito wa hewa iliyo mtungini pamoja na wepesi ambao suti hupoteza inapobanwa na kina, na kwa suti ya milimita 3 jumla hiyo huwa karibu kilo 5. Ongeza kiasi cha kukuweka kichwa nje ya maji ukisubiri boti kwenye mawimbi, na bawa lenye uwezo wa kuinua kilo 13 hadi 15 linatosha kwa mtungi mmoja. Niliwahi kuuziwa bawa la kilo 27 kwa maelezo kwamba kubwa ni salama zaidi. Katika mkondo wa Kinasi huko Mafia, maji yakiingia ghuba ya Chole, pembe zake zilikunjika juu ya mtungi zikapepea kama tanga lililolegea, na hewa iliyonaswa kwenye pembe moja ilikataa kutoka hadi nilipojipindua ubavu. Chagua bawa jembamba, na kati ya lile la umbo la mviringo na lile la umbo la kwato, mimi huchagua la mviringo, kwa kuwa hewa huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukwama chini.

Mkanda ufungwe ukiwa umevaa suti yako, kwani uliopimwa juu ya fulana utakubana baharini. Vaa bamba bila mtungi, simama wima, kisha pitisha vidole viwili au vitatu chini ya mkanda kwenye mfupa wa bega: vikipita bila kusukuma, basi umepata. Pete za kifuani zikae usawa wa kwapa, mahali ambapo mkono wa upande wa pili unafika bila kutafuta. Mkanda wa kati ya mapaja uvutwe kiasi cha kulizuia bamba lisipande shingoni, lakini usikulazimishe kuinama. Usikate ncha iliyozidi siku hiyo. Ikunje na kuifunga kwa mpira, uzamie mara tatu au nne ukirekebisha, halafu ndipo ukate na kuichoma ncha kwa moto isifumuke.

Jaribio la mwisho lifanyike mwishoni mwa mzamio, mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la bar 50. Tulia mita 5, toa hewa yote iliyo kwenye bawa, upumue taratibu bila kupiga mapezi. Ukipanda, ongeza nusu kilo. Ukizama, punguza nusu kilo, na urudie kesho yake.