Ukicheza Warcraft III, usikimbilie kumaliza misheni

Kama unarudia Warcraft III, mchezo wa vita wa kompyuta wa mwaka 2002, au ndiyo kwanza unaugusa, anza na kampeni (mfululizo wa misheni) ya Binadamu kisha ya Wafu, kwa mpangilio huohuo. Usiruke hata video fupi za katikati. Utamwongoza Arthas akiwa mwana wa mfalme mwenye nia njema, ufike naye Stratholme, mji ambao watu wake wamekula nafaka yenye tauni, na hapo mchezo utakutaka wewe mwenyewe uwaue kabla hawajageuka wafu wanaotembea. Mkono unasita kwenye kipanya. Baadaye, kwenye kampeni ya Wafu, unamwongoza yuleyule, sasa akiwa upande wa pili. Kwangu hiyo ndiyo sababu narudi kila baada ya miaka michache, maana picha zenyewe zimezeeka.

Sasa dondoo yenyewe: shujaa wako huingia misheni inayofuata na ngazi aliyofikia pamoja na vitu alivyobeba. Kwa hiyo kabla ya kukamilisha lengo la mwisho, zunguka pembe zote za ramani, ua majitu yanayolinda njia, okota dawa na vitabu vya nguvu. Usiku mengi ya majitu hayo hulala, unaweza kuyapita kimyakimya au kuyavamia.

Na jeshi lisizidi chakula 50 (kipimo cha ukubwa wa jeshi, maana kila askari hutumia chakula) bila sababu. Ukivuka hapo, mchimbaji anayeleta dhahabu 10 kwa safari analeta 7, na ukipita 80 analeta 4 tu.