Somo: Kuichambua 720,720 bila kikokotoo

Kikundi cha Vicoba kikiwa na shilingi 720,720 za kugawana sawasawa, haitabaki hata shilingi moja, wawe watu saba, kumi na moja au kumi na sita. Wakiwa 13, kila mmoja anachukua 55,440. Wakiwa 16, 45,045. Hakuna namba nzima iliyo ndogo kuliko hii, ukiacha sifuri, inayogawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 16. Wanafunzi wetu wa Uyole na kwingineko Mbeya, chukueni kalamu.

Hatua ya 1: Itazame kabla ya kugawanya. 720 imejirudia. Kwa hiyo ni 720,000 + 720, yaani 720 × 1,001. Naomba msiruke hapa. Anayeanza kugawanya kwa 2, tena kwa 2, atafika, lakini kwenye mtihani muda ni mali.

Hatua ya 2: 1,001 = 7 × 11 × 13. Hii ikae kichwani. Ndiyo maana namba yoyote ya aina hiyo, mfano 458,458, inagawanyika kwa 7, 11 na 13.

Hatua ya 3: 720 = 16 × 9 × 5. Ukiunganisha:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Sasa sababu inaonekana. 16 inadai 2⁴, 9 inadai 3², na 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa, kila moja inadai nafasi yake. Hakuna cha kupunguza. Hiyo ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya 1 hadi 16.

Hatua ya 4: Idadi ya vigawo. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

MASWALI

Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tunaongeza 1?

Jibu: Marahaba. Unapounda kigawo, 2 unaweza kuitumia mara moja, mbili, tatu, nne, au usiitumie kabisa. Hizo ni njia tano. Huko kutoitumia ndiko kunakoleta ile 1.

Mafinga: Mwalimu, kipeuo chake cha pili ni namba nzima?

Jibu: Hapana. Vipeo vya 5, 7, 11 na 13 ni witiri. Izidishe kwa 5,005 upate 3,607,203,600, ambayo kipeuo chake ni 60,060.

Makambako: Tukitoa 1, hiyo 720,719 haigawanyiki kwa yoyote kuanzia 2 hadi 16. Basi ni namba tasa?

Jibu: Swali zuri sana, na wengi wanateleza hapa. Ulichothibitisha ni kwamba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 si vigawo vyake. Namba tasa kubwa zaidi hujazigusa. Endelea na 17, 19, 23, 29. Ukifika 31 inakubali: 31 × 23,249 = 720,719.