Jinsi ya kupata njia ya kupanda Kasigau (na ya kushuka, hiyo ndio muhimu)

Watu wakipanga kupanda mlima swali ni moja tu, njia ya kwenda juu iko wapi. Kwa Kasigau, na kwa kilima chochote chenye msitu, hilo ndio swali rahisi. Ukipanda migongo yote ya mlima inaelekea mahali pamoja, hata ukikosea kidogo bado unaenda juu. Ukishuka mambo yanageuka, kila mgongo unashika njia yake, unakosea hatua chache tu pale kileleni na baada ya saa nzima unajipata unaelekea kijiji cha upande wa pili wa mlima, ama mbaya zaidi umetokea juu ya mwamba na mbele hakupitiki. So haya yote hapa chini yasome ukifikiria kushuka.

Kwa wasioujua, Kasigau uko Taita Taveta, urefu mita 1,641, umesimama peke yake katikati ya nyika ya Tsavo. Ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita ikaingia Tanzania kupitia Upare na Usambara mpaka Udzungwa. Chini ni mibuyu na miiba na jua kali, juu ni msitu wa mawingu, magome ya miti yana kuvumwani ya kijani na matawi yanadondosha maji hata siku mvua haijanyesha. Kufika, shuka Voi na treni ama basi, chukua matatu mpaka Maungu kwa barabara ya Mombasa, pale unaacha lami unaingia vumbi. Hiyo sehemu ya Maungu kwenda mlimani panda gari ama boda, usitembee, ni nchi ya ndovu hiyo na hawana mpango na wewe.

Vijiji vimeuzunguka mlima: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe. Chagua kimoja na ukijue vizuri kwa jina na kwa sura, yaani ukiwa juu uweze kusema lile bati linalong'aa ni la shule ama kanisa la kijiji changu. Wengi wanaanzia Rukanga na mimi pia ningekwambia uanzie hapo.

Kazi ya kwanza fanya ukiwa nyumbani kwenye netiweki. Download ramani ya ofulaini, Organic Maps ama OsmAnd zote ziko sawa, washa ile mistari ya mwinuko (kontua, kila mstari unapita sehemu zenye urefu sawa). Mistari ikikaribiana sana hapo ni mteremko mkali, ikiwa karibu kushikana hapo ni mwamba, na Kasigau iko na miamba mikubwa kweli, pande zingine ni ukuta mtupu. Tafuta mgongo wenye mistari imeachana achana kutoka kijijini mpaka juu, huo ndio unaweza kubeba njia. Korongo linaonekana rahisi kwa ramani lakini ukifika ni mawe yanayoteleza na vichaka vya kukuchana.

Halafu piga hesabu ya saa. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja anaitwa William Naismith, aliitoa 1892, saa moja kwa kila kilomita 5 na uongeze saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Chini ya Kasigau ni karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari so unapanda kama mita 1,000, tuseme njia ni kilomita 4, hiyo inakupa masaa mawili na nusu. Lakini hiyo ni njia safi. Kwa msitu wenye mizizi na mawe yaliyolowa mimi huongeza nusu yake tena, inafika karibu masaa manne ya kupanda tu, na kushuka usidhani ni haraka sana, magoti yatakwambia.

Sasa fika kijijini jioni ya kabla, sio asubuhi ya safari. Njia inatafutwa kwa watu. Pita kwa chifu ama mzee wa mtaa, amkua vizuri, shikamoo kwa wazee, kaa chini, sema umetoka wapi na unataka nini. Huu mlima una wenyewe na una historia nzito, 1915 wakati wa vita Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu wakawapeleka Malindi wakidai wamesaidia Wajerumani, na wakakaa huko miaka mingi mpaka 1930s ndio wakarudi. So usije kama mtu amekuta kilima hakina mwenyewe.

Omba mtu wa kukuongoza na mpatane bei hiyo hiyo jioni. Kama ni mara yako ya kwanza usiende bila yeye, hapo sina maneno mawili. Lakini usimfuate tu ukiangalia visigino vyake, muulize. Maswali mazuri ni haya: njia inaachana mara ngapi na wapi, ni wapi maji ya mwisho, mara ya mwisho alipanda lini, na mtu wa hapa akipotea huwa anatokea wapi. Hilo la mwisho ndio linakupa ramani yote, manake atakutajia ile njia panda inayodanganya watu.

Kuna kitu kingine watu hawajui. Maji ya vijiji hivi yanatoka mlimani kwa paipu, na penye paipu iko kuna njia ya miguu iliyosafishwa manake kuna watu wanapanda kuiangalia. Mwanzoni inakusaidia. Lakini paipu inaenda kwa chanzo cha maji, haiendi kileleni, na chanzo kiko korongoni. Ukiona unazidi kuingia bondeni na sauti ya maji inakuja, ushapitiliza. Kwa kurudi lakini, ukiwa umepotea kabisa na ukakutana na paipu, ishike nayo, itakufikisha kwa watu.

Ukiingia msituni ndio macho yafanye kazi, jipiesi chini ya miti mikubwa na karibu na mwamba huwa inarukaruka. Kutofautisha njia ya watu na ya wanyama angalia juu, sio chini. Chini zote zimekanyagwa zinafanana. Njia ya watu matawi yamekatwa na panga mpaka juu ya kichwa, utaona vidonda vya zamani vimekauka rangi ya kijivu na vipya bado vyeupe, mtu mwenye mzigo anapita amesimama. Ya mnyama imefunguka mpaka magotini ama kiunoni tu, juu matawi yamefunga, ukijikuta unainama kila hatua hiyo sio yako. Ya mbuzi nayo inaishia kwa kichaka chenye majani matamu basi.

Kila njia panda simama, geuka nyuma, piga picha ya kule umetoka. Sio ya kule unaenda! Mti uliouona kwa mbele asubuhi hauna sura ile ile ukiukuta kwa nyuma saa tisa mchana. Weka pini kwa ramani pale msitu unaanza na pale kileleni unapoachia mgongo, na uwashe kurekodi treki (ule mstari wa pale umepita) tangu kijijini, simu iwe airplane mode na powabenki kwa begi. Ukitaka alama weka mawe matatu njiani utayatoa ukirudi, usikwangue miti ya watu.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa saba mchana popote ulipo geuka, hata kama kilele unakiona. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu lakini ndani ya msitu giza linakuja mapema zaidi. Epuka masika, Machi mpaka Mei, na pia Novemba na Desemba, mwamba ukilowa hapafai. Wingu likifunga juu usitembee ukitafuta view, kaa, kunywa maji (beba lita tatu), subiri lifunguke ama shuka kwa treki yako hatua kwa hatua.

Ukifika chini mpigie ama mpitie yule mzee umwambie umerudi, asije akatuma vijana kukutafuta usiku bure. Mlipe kiongozi wako yote mliyopatana. Na ile treki uliyorekodi, kabla ya kuiweka mtandaoni muulize yeye kwanza, kuongoza watu ndio kazi yake, akikataa ikae kwa simu yako.